Bambo katika gunia la Majorana

Pale Tandale, mnunuzi wa mchele hatazami punje za juu akaridhika. Anachoma gunia kwa bambo, anatoa za katikati na za chini, ndipo anauliza bei. Hakuna muuzaji anayemwambia ana kijicho. Lakini juzi, kijiweni Mlimani, ndivyo nilivyosikia wakisemwa wanafizikia Sergey Frolov na Vincent Mourik: eti kazi yao kuzima ndoto za wenzao.

Wenzao ni kundi la Leo Kouwenhoven la Delft, Uholanzi. Mwaka 2018 lilichapisha katika jarida la Nature habari za uzi mwembamba mno uliovikwa alumini na kupozwa mpaka alumini ikapitisha umeme bila ukinzani wowote. Kipimo cha upitishaji umeme kikapanda hadi kilele, kikatulia palepale nadharia ilipobashiri. Chembe ya Majorana, ambayo yenyewe ndiyo antichembe yake, yaani pacha wake wa kinyume, ikadhaniwa imenaswa.

Frolov na Mourik waliomba data zote, si zile zilizochorwa tu. Ikaonekana nyingine zilikatwa, na zikirudishwa, ule utulivu unayumba. Machi 2021 makala ikaondolewa, waandishi wakaomba radhi. Wataalamu huru waliopitia kisa hicho hawakuona nia ya kudanganya, ila msisimko uliowazidi. Hapo ndipo mimi ninapokwama. Kasoro ndogo tu ndani ya uzi hutega elektroni za kawaida, nazo zikatoa kilele kilekile. Ukizungusha vitufe vya volti muda wa kutosha, mahali fulani utapata kimo unachokitaka, bila hila yoyote. Basi mchoro mmoja mzuri unatuambia nini, kama hatujaona iliyoachwa nje?

Tena hao wenye kijicho si wapita njia: Mourik ndiye jina la kwanza kwenye makala ya 2012 iliyowasha msako huu, na Frolov yumo.

Upande wa pili nao una hoja. Majorana zikiwepo, taarifa hukaa kwenye ncha mbili za uzi kwa pamoja; kelele ya ncha moja haiiharibu, na kompyuta ya kwanta ingetuliwa mzigo mzito wa kusahihisha makosa. Ndiyo maana Microsoft, inayotaka kuijenga kompyuta hiyo, haikukata tamaa. Februari 2025 ilitangaza chipu ya Majorana 1, inayodaiwa kuwa na kyubiti 8, yaani vijenzi vya msingi vya kuhifadhi taarifa katika kompyuta ya kwanta. Lakini katika faili la wahakiki la makala iliyoambatana nayo, wahariri wa Nature waliandika kwamba matokeo hayo si ushahidi wa kuwepo kwa Majorana. Tangazo lilifika mpaka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Faili lile sijaona aliyelituma.