Dumu la elfu 25 na dumu la laki mbili: sabuni ipi inalipa kwenye kituo cha kujioshea gari?

Kituo cha kujioshea gari ni biashara ya kawaida Marekani na Ulaya. Mteja anaingiza gari kwenye banda, analipia dakika, anashika bunduki ya maji mwenyewe, na saa ikiisha mashine inakata. Hapa Dar es Salaam wapo wanaolipigia mahesabu wazo hili, na mazungumzo yao yakifika kwenye sabuni jibu hutoka haraka: chukua sabuni ya maji ya mtaani, achana na shampuu zilizokolezwa, yaani zile kali za kuzimuliwa kwa maji mengi, hizo ni kuwatajirisha waagizaji. Kwa kituo cha vijana wenye ndoo na vitambaa nakubaliana na jibu hilo kwa sehemu kubwa. Kwa kituo cha kujioshea naona linamwelekeza mtu pabaya, na sababu zake hazijadiliwi vya kutosha.

Tuanze na haki ya sabuni ya mtaani, maana inayo. Mtengenezaji yuko umbali wa bodaboda moja. Ukiishiwa Jumamosi asubuhi, saa nne umeshaletewa. Haingoji meli wala dola. Inawapa kipato watu wengi, wengi wao akina mama waliofundishwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, au kwenye vikundi vyao. Ukimwambia povu ni dogo, wiki ijayo anarekebisha. Mzigo wa dukani hauna mtu wa kukusikiliza namna hiyo. Na kwa mtaji mdogo, kutoa elfu 25 kila wiki kunawezekana pale ambapo kutoa laki mbili kwa mkupuo hakuwezekani. Asiyeona uzito wa hoja hii ya mwisho hajawahi kuendesha biashara ya kulaza na kuamka.

Lakini tufungue hilo dumu tuone kilichomo. Kanuni inayozunguka sana mitaani ni kilo moja ya slesi (kemikali nzito ya povu), lita moja ya sulfoniki (asidi ya kusafishia), kostiki soda au magadi ya kuizima asidi hiyo, chumvi, rangi, manukato, na maji mpaka lita 20. Slesi ile nzito huja na kiini cha kusafishia asilimia 70, sulfoniki asilimia 96 hivi. Jumlisha: kiini chote ni kama kilo 1.7 ndani ya lita 20, yaani asilimia 8 au 9. Kinachobaki karibu chote ni maji, na umeyalipia pamoja na nauli yake.

Kisha kuna chumvi. Mnunuzi wetu hupima sabuni kwa uzito wake: anainamisha chupa, akiona inashuka taratibu kama asali anasema hii kali. Uzito ule unatokana na chumvi. Ukiongeza chumvi kidogo kwenye mchanganyiko wa slesi unakuwa mzito, ukiizidisha unarudi kuwa mwepesi na kupata ukungu. Madumu mawili yenye kiini kilekile yanaweza kuonekana moja uji na jingine maji. Kwa hiyo kipimo kinachotumiwa na wengi kuchagua sabuni ya bei nafuu hakipimi nguvu ya sabuni hata kidogo, na mtengenezaji mwaminifu anayeweka kiini kingi na chumvi kidogo anashindwa sokoni na mwenzake aliyefanya kinyume. Hili linaniuma zaidi ya suala lenyewe la bei.

Sasa hesabu. Natumia bei za mfano. Kila mtu aweke za kwake. Dumu la mtaani la lita 20 ni shilingi 25,000, yaani 1,250 kwa lita. Dumu la shampuu iliyokolezwa, lita hizohizo 20, ni 200,000, yaani 10,000 kwa lita. Ghali mara nane. Wengi husimama hapo. Lakini gari halioshwi kwa sabuni ya dumuni, linaoshwa kwa sabuni iliyozimuliwa. Ya mtaani ukiizimua lita moja kwa maji lita 20, kila lita iliyo tayari inagharimu kama shilingi 60. Iliyokolezwa ukiizimua moja kwa 200, kila lita iliyo tayari ni kama shilingi 50. Gari likitumia lita tano, ni 300 dhidi ya 250. Tofauti ni shilingi 50 kwa gari, na safari hii dumu la laki mbili ndilo nafuu.

Shilingi 50 si ushindi wa kutangaza, na sitaki kuutia chumvi. Angalia kinachotokea ile iliyokolezwa ikitoka kwenye mashine kwa kipimo cha moja kwa 100 badala ya 200, kwa sababu tu hakuna aliyerekebisha kidhibiti. Lita iliyo tayari inapanda hadi karibu shilingi 100, gari moja linakula karibu 500. Kosa la kipimo limegharimu shilingi 245 kwa gari, karibu mara tano ya ile tofauti ya bei iliyowafanya watu wabishane. Hapa wanaoipinga sabuni iliyokolezwa wana ushahidi wa kweli mkononi: waliinunua, wakaimimina kama walivyozoea kumimina ile nyepesi, dumu likaisha kabla ya wakati, wakahitimisha kwamba ni ghali. Sabuni nyepesi inamsamehe mtu asiyepima. Iliyokolezwa haisamehi.

Ndiyo maana naona mahali pake hasa ni kituo cha kujioshea. Pale hakuna mkono wa mtu unaomimina. Mashine ndiyo inayofyonza sabuni, kwa kitundu chenye upana maalumu, siku nzima kwa kipimo kilekile. Ukikipatia mara moja umekipatia kwa magari yote. Kukihakiki hakuhitaji fundi: elekeza bunduki kwenye ndoo, pima maji yaliyotoka, kisha tazama sabuni imeshuka kiasi gani kwenye chombo chake. Ndoo ikiwa na lita 8 na sabuni ikashuka mililita 80, unatoa moja kwa 100, hata kama karatasi ya dumu imeandika kitu kingine. Anayetumia bunduki ya povu akumbuke kwamba yenyewe inazimua mara ya pili, hivyo alichochanganya kwenye chupa sicho kinachofika kwenye bodi.

Kuna sababu kubwa kuliko fedha za dumu. Mwaka 1959 mkemia wa Henkel, kampuni ya sabuni ya Ujerumani, Herbert Sinner, alieleza kwamba usafi wowote unatokana na vitu vinne: kemikali, muda, joto na nguvu ya kusugua. Kimoja kikipungua, vingine lazima viongezeke. Kwenye kituo cha ndoo, kijana mwenye kitambaa anaziba pengo la sabuni dhaifu kwa mkono wake. Anarudia mlango mara tatu na wewe mwenye kituo hutaona hasara hiyo popote kwenye daftari. Kwenye kituo cha kujioshea mkono huo haupo. Maji ni ya baridi, mteja ana haraka, hajui kusugua kwa mpangilio, na saa inahesabu. Kati ya vinne, vitatu vimepungua kwa pamoja. Kemikali ndiyo iliyobaki kubeba mzigo.

Na uchafu wenyewe si mwepesi. Vumbi la barabara likichanganyika na masizi ya dizeli linajenga utando usiotoka kwa presha pekee. Unapiga maji, gari linang'aa likiwa limelowa, likikauka unapitisha kidole mlangoni kinarudi cheusi. Kinachouvunja utando ule ni sabuni ya awali yenye ualkali kiasi na viambato vya kushika madini ya maji, inayopulizwa na kuachwa dakika moja au mbili kabla ya kusafishwa. Juani isiachwe zaidi ya hapo, maana ikikaukia kwenye rangi inaacha alama. Sabuni ya mtaani ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikitokea ina ualkali mkali, mara nyingi ni kostiki iliyozidi kwa bahati mbaya, na inaanza kuzila rimu za alumini. Karatasi za kupima pH, yaani kiwango cha asidi au ualkali, zinaonyesha tofauti ndani ya sekunde chache.

Nimesikia hoja moja ya upande wa pili ambayo ni kali na haitakiwi kupuuzwa: sabuni ikiwa dhaifu mteja analipia dakika zaidi, basi mwenye kituo anapata. Mara ya kwanza ni kweli. Ila kwa mashine inayotoa lita 12 kwa dakika, kila dakika anayoongeza inaondoka na lita 12 za maji yako na umeme wake. Na mteja huyo ana kipimo cha kulinganishia: vijana wa kando ya barabara wanaomwoshea gari zima kwa bei waliyopatana. Akilipia dakika sita na kidole bado kinarudi cheusi, atarudi kwao, na atakuwa sahihi.

Maji nayo yaingie kwenye hesabu. Vituo vingi vya Dar vinategemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi na ugumu. Maji magumu yanakula kiini cha sabuni kabla hakijagusa uchafu, na yakikauka yanaacha madoa meupe ambayo mteja atailaumu sabuni. Mwenye kisima kigumu asinunue sabuni yoyote kabla ya kuyapima maji yake, kwa sababu wakati mwingine shilingi ya kwanza inapaswa kwenda kwenye chujio la kulainisha maji.

Sehemu moja sioni pande mbili: asidi za kung'arishia rimu. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki au amonia baifloraidi, na zinafanya kazi haraka kwa bei ndogo. Jimbo la Washington, Marekani, liliorodhesha majeraha 48 ya kuungua kwa asidi ya haidrofloriki kwenye kazi za kuosha magari na malori kati ya 2001 na 2013, pamoja na kifo cha mfanyakazi aliyemeza dawa yenye asidi hiyo. Ikiwa hafifu haiumi papo hapo. Maumivu yanaweza kuchelewa saa nyingi huku ikiendelea kupenya ndani. Mfanyakazi unaweza kumfundisha na kumpa glavu. Mteja aliyekuja na mtoto wake akapuliza upepo ukimrudishia usoni huwezi kumfundisha. Isiingie kwenye banda.

Nisieleweke kwamba natetea bidhaa za nje. Magadi yanachimbwa Ziwa Magadi hapo Kenya, kuchanganya kemikali watu wetu wanajua, na hakuna kinachomzuia mtengenezaji wa Temeke kuuza dumu lenye kiini asilimia 30 bila chumvi, limeandikwa kipimo cha kuzimua na pH, lina alama ya TBS, Shirika la Viwango. Akitokea huyo nitamnunua kabla ya mwagizaji. Shampuu za nje nazo zinaweza kuongezwa maji njiani, na dumu la laki mbili lililochezewa ni hasara kuliko la elfu 25 lililo safi. Kwa hiyo usianze na lita 20. Nunua lita tano, ziweke kwenye banda moja, banda la pili liache na sabuni ya mtaani, kipimo kimehakikiwa kwa ndoo kwenye yote mawili. Andika kila siku magari mangapi, sabuni imeshuka kiasi gani, na wateja wamelipia dakika ngapi. Mwezi ukiisha, gawanya gharama ya sabuni, maji na umeme wa kila banda kwa idadi ya magari yake, kisha angalia ni banda lipi wateja wanasubiri foleni ilhali jingine liko wazi.