Faini haijazi upepo kwenye tairi

Septemba 1969, Talladega, jimbo la Alabama. Uwanja ni mpya kabisa, mzunguko mmoja unazidi kilomita nne na kona zimeinuliwa kama ukuta. Madereva wa NASCAR, chombo kinachoendesha mbio za magari Marekani, walipoingia kujaribu magari, wakajikuta wanakaribia kilomita 320 kwa saa na matairi yanachanika baada ya mizunguko michache tu. Richard Petty, aliyekuwa akiongoza chama cha madereva kilichoundwa mwezi mmoja kabla, akaomba mbio ziahirishwe. Bill France, mwanzilishi wa NASCAR na mjenzi wa uwanja huohuo, akakataa. Alikuwa anakaribia miaka 60, lakini akaingia mwenyewe garini, akazunguka, akashuka na msimamo wake uleule: mbio zipo.

Hapo nina neno. Mzee alizunguka peke yake, tena kwa mwendo mdogo kuliko wa madereva wake. Ni kama mwenye basi azungushe gari tupu stendi asubuhi, kisha amwambie dereva wa Dar hadi Mwanza kwamba matairi hayana shida. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Petty na wenzake wengi wenye majina wakafunga mizigo wakaondoka. France akajaza nafasi kwa waliobaki na madereva wa daraja la magari madogo, mbio zikafanyika. Alishinda Richard Brickhouse, na hakuwahi kushinda tena mbio za daraja la juu la NASCAR. Kile chama nacho hakikudumu.

Nawasimulia haya ya zamani kwa sababu naona NASCAR ilijifunza somo lisilo lake. Haikujifunza kwamba dereva husikia tairi likilalamika kabla ya mhandisi kuliona kwenye kompyuta. Ilijifunza kwamba dereva akisema sana, mbio zitaendelea bila yeye.

Tazama 2008. Machi, mjini Atlanta, Tony Stewart alimaliza wa pili, nafasi ambayo wengi wangeichekelea, lakini akashuka garini na kuyaponda matairi ya kampuni ya Goodyear mbele ya kamera. Wapo waliomwona mlalamishi tu. Julai ikafika Indianapolis. Gari la muundo mpya lilikuwa linaelemea matairi ya kulia, na lami ya pale ikawa inasaga mpira na kuugeuza vumbi badala ya kuushika. Waandaaji wakalazimika kutoa bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo, kila baada ya mizunguko kumi au kumi na miwili ili matairi yabadilishwe kabla hayajapasuka. Jimmie Johnson alishinda, ila sijui kama yale yalikuwa mashindano au foleni ya kwa fundi pancha. Baadaye NASCAR iliomba radhi. Mashabiki walikuwa wameshalipa viingilio.

Na Goodyear ndiye muuzaji pekee wa matairi kwenye daraja la juu la NASCAR tangu 1997. Huwezi kusema basi, kesho nafunga ya kampuni nyingine. Kilichobaki kwa dereva ni mdomo wake, na mdomo huo nao una bei. Machi 2013 Denny Hamlin alisema gari jipya la msimu ule halileti ushindani mzuri kama lililotangulia. Hakutukana mtu. NASCAR ikampiga faini ya dola 25,000. Alisema hadharani kwamba hatalipa, na mimi nilikuwa upande wake.

Sisemi madereva ni malaika. Septemba 2022 huko Texas, Chase Elliott, Kevin Harvick na Martin Truex Jr. wote waligonga ukuta baada ya tairi la nyuma la kulia kuwaangusha, kila mmoja akiwa anaongoza. NASCAR ikaelekeza kidole kwa timu: mnapunguza upepo kuliko inavyopendekezwa ili mpate kasi. Hoja hiyo ina uzito, na mashabiki wenzangu hawapendi kuisikia. Timu hucheza na upepo, kila mtu anajua. Lakini kama hesabu iko upande wako, ianike mezani watu waione. Unamtoza mtu faini ya nini?

Ugonjwa huu hauko Marekani peke yake. Februari 2025 dereva wa rali Adrien Fourmaux alitozwa euro 10,000, na nyingine 20,000 zikawekwa kiporo, kwa neno moja chafu alilosema kwenye mahojiano huko Sweden. Mwezi uliofuata msafara ukaja Naivasha kwa Safari Rally. Mwisho wa hatua, kinasa sauti kikanyooshwa dirishani huku vumbi bado halijatua. Madereva wakanyamaza, au wakajibu kwa lugha za kwao, mtangazaji akabaki anatabasamu tu.