Majedwali ya sensa yasiyochapishwa

Matokeo ya sensa ya Tanzania ya 2022 yalipotangazwa, nchi nzima ilikariri namba moja: watu 61,741,120. Yakafuata majedwali ya mikoa na wilaya, na kwa wengi sensa ikaishia hapo. Anayetaka kujifunza kutengeneza majedwali yake mwenyewe kutoka data ghafi huambiwa mambo mawili: siri za watu zitavuja, na kazi hiyo ina wenyewe.

La siri ni la kweli. Ajuza wa miaka 97 mwenye shahada, kwenye kata ndogo, atajulikana hata jina likifutwa. Ndiyo maana hutolewa sampuli tu, aghalabu ya asilimia 10, na maeneo madogo hufichwa. Mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wenye sampuli za sensa zetu za 1988, 2002 na 2012, huwapa waliojisajili na kukubali masharti.

Hilo la "wenyewe" ndilo lisiloniingia akilini. Ofisi ya takwimu haiwezi kubashiri kila swali. Jedwali moja linaonyesha kaya zinazoongozwa na wanawake, jingine vyanzo vya maji, jingine watu wenye ulemavu. Afisa mipango wa halmashauri anayataka yote kwa mpigo: ni kaya ngapi zinaongozwa na mwanamke, zina mtoto mwenye ulemavu, na hazina bomba nyumbani? Hata ayapange majedwali hayo matatu vipi, jibu hatalipata. Lazima arudi kwenye rekodi za kaya zenyewe.

Asipofundishwa atateleza, nakubali. Tuchukue umeme. Kwenye faili la watu kila mstari ni mtu, na jibu la umeme hurudiwa kwa kila mwanakaya. Ukihesabu mistari, kaya ya watu wanane inaingia mara nane, ya mseja mara moja. Unaandika "asilimia ya kaya zenye umeme", kumbe ulichopata ni asilimia ya watu wanaoishi kwenye kaya hizo. Hesabu ni sahihi, kichwa cha jedwali ndicho kinachodanganya. Dawa ni kubakiza mstari wa mkuu wa kaya peke yake. Halafu kuna uzito, yaani idadi ya kaya ambazo kaya moja ya sampuli inaziwakilisha: kaya moja ikiwakilisha 10, kisanduku chenye kaya 3 huchapishwa 30, na msomaji hajui kwamba kaya 2 zaidi zikiangukia kwenye sampuli kingesomeka 50. Idadi kabla ya uzito iandikwe chini ya jedwali.

Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalijaribu kudhibiti upotoshaji wa takwimu kwa kipengele cha jinai. Mwaka uliofuata kipengele hicho kikaondolewa. Mwanafunzi anahitaji kipimo, si polisi, na kipimo kipo: aanze na jedwali ambalo limeshachapishwa. Wastani wa watu kwa kaya mwaka 2012 ulikuwa 4.7. Akipata zaidi ya 6, huenda amepiga wastani kwenye mistari ya watu badala ya kaya.