Malta inauza ufukwe, utajiri wake uko kwingine

Malta, nchi ya visiwa katika Bahari ya Mediterania, pamoja na visiwa vya Gozo na Comino, ina kilomita za mraba 316. Unguja peke yake ni zaidi ya mara tano ya eneo hilo. Wenyeji wake ni kidogo tu zaidi ya nusu milioni, lakini mwaka 2024 walipokea wageni zaidi ya milioni 3.5. Je, kisiwa kidogo hivyo kinapaswa kuendelea kuita watu?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Nchi hii haina mto hata mmoja, haina madini ya kutajika, na ardhi yake ni mawe. Mgeni ndiye shamba lao: analisha mwenye boti, mpishi, mwenye chumba cha kupangisha. Lakini sehemu kubwa ya maji ya bomba hutokana na maji ya bahari yanayoondolewa chumvi kwa mitambo, na wageni hufurika hasa wakati wa kiangazi, mvua ikiwa imekatika. Anayeleta fedha ndiye huyo huyo anayeongeza foleni, kodi za nyumba na taka, na mkazi anayelalamika hapaswi kuitwa mchoyo.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kile kinachonadiwa. Fukwe za mchanga Malta ni chache, kama Għadira, Golden Bay na Ramla ya mchanga mwekundu kule Gozo. Kwingi pwani ni mwamba. Hata hivyo matangazo yanasukuma watu wote Blue Lagoon, ghuba ndogo ya Comino, kisiwa cha kilomita za mraba 3.5. Mwaka 2025 serikali ililazimika kuweka utaratibu wa kujiandikisha bila malipo, watu wasizidi 4,000 kwa wakati mmoja. Nauunga mkono kabisa, kwa sababu haumfungii nje mwenye kipato kidogo. Unampangia saa tu.

Mfano mzuri zaidi walikuwa nao tayari. Ħal Saflieni ni makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa kwenye mwamba maelfu ya miaka kabla ya Kristo, yakagunduliwa mwaka 1902. Pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu mawe na michoro ya rangi nyekundu, kwa hiyo sasa wanaingia watu 80 tu kwa siku, kumi kumi. Wanaokosa nafasi huumia, lakini kaburi linabaki.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna raha nyingine ambayo hakuna wakala anayeitangaza. Waarabu waliiteka Malta mwaka 870, na Kimalta kikazaliwa katika Kiarabu. Bahari ni *baħar*, dunia ni *dinja*, sita ni *sitta*, sitini ni *sittin*. Mji mkongwe wa kuta nene unaitwa Mdina. Pale Marsaxlokk, boti za wavuvi zimechorwa macho mawili kwenye omo, na mtu wa Lamu hatahitaji kuelezwa macho ya chombo ni nini.

Kisha chakula. *Ftira* ni mkate bapa wa duara. Huchanwa, hupakwa nyanya mpaka unyevu uingie ndani, humiminiwa mafuta ya zeituni, kisha hujazwa jodari na zeituni zenyewe. UNESCO iliuingiza utamaduni wa mkate huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Ni chakula cha mkononi, na fedha yake inaishia kwa mwokaji wa mtaani.

Kwa hiyo anayeniuliza aende lini, namwambia Septemba au Oktoba. Bahari bado ina joto, na ni msimu wa *lampuki*, samaki ambaye pwani yetu anaitwa fulusi. Wavuvi hukata makuti ya mtende, huyaweka baharini yaelee, na samaki hukusanyika chini ya kivuli chake. Ndipo wavu unapozungushwa.