Kabla ya Makato au Baada ya Makato?

Kwanza mjue kwamba Tandawala haipo. Nimeshaapa hivyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mbele ya mgambo, na mbele ya bibi mmoja muuza ming'oko, vile viazi vya porini, aliyekuwa ameninyooshea mwiko. Tandawala ni ufalme niliouumba mwenyewe, usiku usiku, kwenye kompyuta ya steshenari ninakofanya kazi hapa Newala, wateja wa fotokopi wakishaisha. Jina nililipata kwa kuvunja majina ya wilaya mbili, Tandahimba huku na Newala kule, nikaunganisha vipande. Nalitaja mapema kwa sababu nusu ya balaa ilianzia hapo hapo.

Nilitaka hadithi ndefu ya wafalme na makabaila, lakini isiyo na theluji wala mazimwi. Makabaila wangu wakae chini ya mikorosho. Nikaanza kusoma, na kusoma huko kulinoga kuliko kuandika. William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, yapata miaka ishirini baadaye aliamuru nchi ihesabiwe: mashamba, vinu, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, nani anashikilia nini na thamani yake kiasi gani. Hesabu hiyo ya 1086 ikaandikwa vitabuni, na vitabu vipo mpaka leo. Nikasema huyu ndiye mfalme, si wale wa kukaa wakipepewa. Wa kwangu nikamtuma akahesabu mikorosho. Halafu kule Ulaya kabaila mdogo alipewa ardhi, naye akadaiwa kumpigania bwana wake, aghalabu siku 40 kwa mwaka. Siku 40 nikazibeba, ila vita nikavigeuza kazi.

Japani ndiyo iliyonimaliza kabisa. Huko utajiri wa kabaila ulipimwa kwa mchele. Koku moja, takribani lita 180, ilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka, na ili uitwe daimyo, yaani kabaila mkubwa, sharti ardhi yako itoe kuanzia koku 10,000. Tena kuanzia 1635 makabaila hao walilazimishwa kwenda kukaa Edo, Tokyo ya leo, kwa zamu, na wakirudi kwao wake na watoto wanabaki mjini, chini ya jicho la mtawala. Rehani hiyo! Nani ataasi wakati mke wake yuko kwa adui, tena anakula vizuri? Nikaiingiza Tandawala siku hiyo hiyo, familia za makabaila zikahamishiwa mji wa pwani.

Shida yangu ni kazi ninayofanya. Mchana kutwa nachapa matangazo na barua za ofisi, na mkono ukishazoea kuandika "Yah:" hauachi hata kwenye barua ya mapenzi. Kwa hiyo amri za mfalme wangu zilitoka hivi:

"Kumb. Na. KE/AMRI/04. YAH: UTEKELEZAJI WA AMRI ZA KITI CHA ENZI KWA MSIMU HUU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wakazi wote wa Tandawala mnatangaziwa kwamba ardhi yote ni mali ya Kiti cha Enzi. Kila kaya itahesabiwa mikorosho yake na kutoa gunia moja kati ya matatu. Kila mwanamume atafanya kazi kwa kabaila wake siku 40 bila ujira. Atakayeuza korosho nje ya ghala la Mfalme atakatwa sikio. Dawa ya mikorosho itatoka Hazina. Kabaila wa Bonde la Kusini: nafasi bado haijajazwa."

Huo mstari wa mwisho ulikuwa wa kujikumbusha tu, maana sikuwa bado nimemtunga mtu wa kukaa bondeni.

Basi. Ijumaa moja ya msimu, mnada wa korosho umeshafanyika, chama cha msingi cha ushirika cha kijiji kimoja nje ya mji kikamtuma kijana na bodaboda aje kuchapisha tangazo la malipo. Nikachapa, nikabonyeza. Umeme ukakatika. Kijana akakaa kwenye benchi, akanywa soda, akalala. Umeme uliporudi nilikuwa nimetoka kutafuta chenji, na printa ikatema kila ilichokuwa imekimeza tangu jana yake: karatasi ya chama, na juu yake karatasi ya Kiti cha Enzi. Kijana kaamka, kaona karatasi mbili za moto zina kumbukumbu namba, kazipiga pini pamoja, kaondoka. Mimi narudi, printa tupu, benchi tupu, nikajua kazi imekwisha salama.

Kila karatasi inayotoka dukani kwetu ina mstari mdogo chini wenye namba ya simu ya duka. Ndiyo maana alasiri simu ikaanza.

"Haloo, hapo ni kwa Mfalme?"

Nikadhani ni utani. Wa pili akauliza kama wilaya zimeshaunganishwa rasmi, na makao makuu yatakuwa Tandahimba au Newala, kwa sababu ikiwa ni Tandahimba hawatakubali. Wa tatu hakuuliza kitu, alinitukana tu, kwa ufasaha. Wa nne alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, anayeishi kijijini kule kule.

"Mjomba," akasema, sauti ya chini, "hii karatasi imeandikwa imechapwa kwenu. Njoo. Lakini usije na fulana ya duka."

Nilipofika, mbele ya ghala palikuwa na watu ambao mkutano mkuu wa kijiji haujawahi kuwapata. Mwalimu mstaafu alikuwa amesimama ubaoni, miwani puani, kidole kikifuata mstari, anasoma kwa sauti ya darasani na kurudia kila amri mara mbili kwa walio nyuma. Pembeni kabisa, karibu na mizani, alikuwapo jamaa mmoja ambaye kijiji kizima kinajua ananunua kangomba usiku, yaani korosho za kinyemela, nje ya ghala. Hakuwa na la kusema. Alikuwa tu amejifunga shuka kichwani, jua kali hivyo, likafunika masikio yote mawili.

Katibu wa chama akataka kuibandua ile karatasi. Hawakumruhusu. "Isomwe iishe!"

Nikajipenyeza, nikasalimia shikamoo huku na huku, nikapaza sauti: jamani, hii ni hadithi, nimeitunga mimi, hakuna mfalme.

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Hadithi huanza paukwa, pakawa. Hii imeanza Kumb. Na."

"Hadithi gani ina Yah?" akadakia mwingine.

Nikakosa jibu, na mpaka leo sina.

Mwenyekiti wa kijiji akachukua nafasi. Yeye ni mtu wa vifungu. Akasema ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini tu, na kwamba Kiti cha Enzi, kama kinataka mashamba, kilete maombi yapite mkutano mkuu. Makofi. Mwalimu akaongeza kwamba mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, yeye akiwa shuleni. Makofi zaidi. Mzee mmoja mwenye bakora akasema yeye hashangai kitu: Mjerumani alileta akida, Mwingereza akaleta liwali, sasa Newala inaleta kabaila, lakini Mmakonde tangu hapo hakuwa na mfalme, alikuwa na mkulungwa, mkuu wa kijiji tu, na mkulungwa akizidisha mambo watu hufunga mizigo wakaenda kufungua msitu mwingine.

Nikashusha pumzi. Nikaona limekwisha.

Hapo bibi wa ming'oko akanyoosha mwiko. "Mjukuu, gunia moja kati ya matatu. Kabla ya makato au baada ya makato?"

Ukimya. Hata bodaboda zilizimwa.

"Bibi, ni hadithi..."

"Nakuuliza kabla au baada?"

"Hakuna makato mengine, bibi. Ni hilo gunia tu."

Mnong'ono ukapita kuanzia mbele mpaka chini ya mwembe. Hakuna ushuru? Hakuna. Usafiri wa kwenda ghala kuu? Wa Mfalme. Na salfa? Mwalimu akarudi ubaoni, akasoma: dawa ya mikorosho itatoka Hazina. "Bure?" "Haijaandikwa bei." Wazee wawili wakaanza kuhesabu kwa vijiti mchangani, na kila walivyozidi kuhesabu ndivyo nilivyozidi kuogopa, maana nilianza kuona nyuso zikilainika. Dakika chache baadaye mkutano ulikuwa umegawanyika, na upande wa Mfalme haukuwa mdogo.

Mwenyekiti akapiga kelele kwamba kuna siku 40 za kazi ya bure, mmeisahau? Wakamjibu kwamba siku 40 zinajadilika, mradi zisiangukie wakati wa kupulizia wala wa kuokota.

Akina mama nao wakataka kusikia habari za familia za makabaila kuwekwa mjini. Karatasi haikuitaja, ila kwa ujinga wa kutaka kuonyesha kwamba hadithi ni ndefu, nikaieleza. Yaani mke anakaa pwani, halimi, hapulizii, analishwa na Mfalme, na mume anabaki huku juu? Ndiyo. "Mpaka lini?" Daima. Mama mmoja akamgeukia mumewe, "Na wewe ugombee hiyo ya bondeni."

Ukweli ni kwamba baada ya hapo walinisaidia zaidi ya vitabu vyote nilivyosoma, ila kwa njia ya kunibomolea. Mwalimu aliuliza ikulu iko wapi, nikasema ukingoni kabisa mwa uwanda, pale Shimo la Mungu, unapotazama chini ukaliona bonde la Ruvuma lote. Mahali pa ngome hasa, adui humwona tangu mbali. Bibi akacheka mpaka akaketi.

"Na maji?"

Sikuwa nimeweka maji. Mtu aliyezaliwa Newala! Uwanda huu mvua ikinyesha mchanga unainywa yote, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde wanawake walikuwa wakishuka mteremko kwenda kuchota bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. "Adui asihangaike kupigana," bibi akasema. "Akae chini tu kwenye visima. Mfalme atashuka mwenyewe, na ndoo."

Lakini aliyeua hadithi ni mjomba wangu, na aliiua kwa upole. Aliuliza Mfalme akifa anarithi nani. Nikasema hapo ndipo kwenye utamu wenyewe: ana watoto wawili wa kiume, mkubwa mkatili, mdogo mwema, wanapigania kiti, vita vinachukua nusu ya kitabu.

Wazee wakatazamana.

"Watoto wake mwenyewe?" mjomba akauliza.

"Ndiyo."

"Mjomba. Hao watoto ni wa ukoo wa mama yao. Wanapigania nini? Mrithi ni mtoto wa dada yake Mfalme."

Nikajaribu kusema ufalme wa kubuni unaweza kuwa na desturi zake. Mzee wa bakora akaniuliza, kwenye huo ufalme wanalima korosho? Wanalima. Wanakaa Newala? Karibu na Newala. Wanakula ming'oko? Wanakula. "Basi ni Wamakonde, na mrithi ni mpwa." Pale pale, bila kura, wakawatoa watoto wangu wote wawili kwenye kiti, mkatili na mwema, wakaniamuru nimtafutie Mfalme dada. Mjomba alikuwa amesimama wima kuliko kawaida yake. Mimi ndiye mpwa wake mkubwa, na nadhani aliona nilikuwa nimemwibia mtu haki.

Jua lilipoanza kuzama, katibu akapata nafasi ya kubandua karatasi ya Mfalme, na chini yake likaonekana tangazo la kweli: kilo, bei ya mnada, orodha ya makato mstari kwa mstari, malipo yatapitia benki. Watu wakalisoma kimyakimya. "Ile ya juu," mmoja akasema akiondoka, "ilikuwa inaeleweka zaidi." Mgambo akaandika jina langu kwenye daftari, akauliza kosa aandike nini, mwenyekiti akafikiri sana, akamwambia aache wazi. Jamaa wa kangomba alibaki na shuka lake mpaka karatasi ilipochanwa vipande vinne mbele ya macho yake.

Nilikuwa nimeshapanda bodaboda mzee wa bakora aliponifuata, akatazama nyuma kama kuna mtu.

"Bwana mdogo. Hiyo ya Bonde la Kusini imeshapata mtu?"

"Mzee, wallahi ile ni hadithi tu."

"Najua ni hadithi. Ndiyo maana nimekuwahi kabla hujaandika." Akanipakatisha jogoo, miguu imefungwa kwa ukindu. "Ila zile siku arobaini za kazi niondolee. Andika nina goti."