Picha sita, vizibo kumi na viwili

Mpwa wangu ana miaka mitano, anakaa Mbagala. Mwaka jana alipelekwa intavyuu ya shule moja ya Kiingereza. Akawekewa picha ya mwavuli, na chini yake miavuli mingine sita iliyopishana kidogo tu: huu mpini umepinda, ule umepungua mstari. Aonyeshe unaofanana na wa juu. Akaudaka wa pili kabla mwalimu hajamaliza kusema. Akakosa. Tarakimu akatajiwa nne kwa Kiingereza, akarudisha mbili. Mama yake alirudi kanywea kama kafeli yeye.

Mazoezi yenyewe si ya kubeza. Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia picha za namna hiyo miaka ya 1960 kuona mtoto anayetulia kulinganisha na yule anayekurupuka. Tarakimu nazo zina maana yake: wa miaka mitano kwa kawaida hushika nne hivi, mtu mzima saba, kwa sababu mdogo bado hajazoea kujirudiarudia maneno kimoyomoyo. Asiyeshika maagizo mawili mfululizo atataabika kwenye darasa lililofurika, na heri mwalimu ajue mapema.

Ila kujua ni kitu kimoja, kumfungia mtoto geti ni kingine. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walitangulia. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huundia vigari vyao, wakaongoza Wazambia. Kwa udongo wakawa ngoma droo. Mpwa wangu karatasi za miavuli hajazizoea. Daladala ya Mbagala anaijua kwa mstari wake wa rangi kabla mimi sijasoma kibao.

Jioni niliomba vizibo 12 vya soda dukani kwa Mangi, jozi sita, nikavifudikiza mkekani barazani. Unafunua viwili, vikifanana unachukua. Kanifunga mara mbili. (Mjomba ana miaka 46, msinicheke.) Hilo halifuti matokeo ya shule: vizibo vinapima kukumbuka mahali, tarakimu zinapima kushika sauti, na kukurupuka kwake kwenye miavuli nilikuona hata mkekani.

Lakini nikamtajia kwa Kiswahili: tisa, mbili, sita, nne. Akazirudisha zote, kisha akaniuliza kama kizibo cha bluu anaweza kukichukua.