Klamath Haina Deni la Samaki kwa Mgeni

Tangu kundi letu la Waswahili wa Portland lirudi kutoka Klamath, mji mdogo ulio karibu na mdomo wa mto wenye jina hilohilo huko kaskazini mwa California, kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu zetu, ambamo ndugu mmoja tuliyesafiri naye analalamika kwamba tumepoteza hela zetu bure. Anasema mji unajitangaza kwa salmoni, picha za salmoni zimejaa kila mahali, lakini mezani tuliletewa samaki wa barafu kutoka Alaska, na mtoni hatukuruhusiwa kutupa ndoano. "Mji wa samaki usio na samaki ni mji gani huo?" anauliza, na wengi wamemwunga mkono kwa vicheko. Mimi sikucheka. Swali lake nimelichukulia kwa uzito wake wote, na nataka kulijibu kwa urefu ambao simu haiuvumilii.

Klamath ni mji wa watu waliokataa kuwamaliza samaki wachache waliobaki, hata pale ambapo kukataa huko kumewakosesha fedha na kitoweo. Mto huu, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Oregon hadi Bahari ya Pasifiki, ulikuwa wa tatu kwa wingi wa salmoni katika pwani yote ya magharibi ya Marekani, ukitanguliwa na Columbia na Sacramento tu. Uvuvi wa kibiashara wa salmoni katika bahari ya California ulifungwa mwaka 2023, ukafungwa tena 2024, ukafungwa tena 2025. Wayurok, wenyeji asilia ambao ardhi yao ya kabila inafuata mto huu kutoka mdomoni kwenda juu, wamewahi kufanya tamasha lao la salmoni la kila Agosti bila salmoni hata mmoja kwenye sahani. Mwaka 2017, samaki walipopungua kupita kiasi, mgawo wa kabila zima ulikuwa samaki 650 hivi, yaani samaki mmoja kwa kila watu kumi hivi. Katika hali hiyo, mgeni aliyefika jana kwa gari la kukodi anadai wake kwa misingi ipi?

Mimi nimezaliwa Kigoma, kwa hiyo malalamiko ya namna hii nayajua sauti yake. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana, simu za ndugu zangu wa Kibirizi na Katonga zilikuwa za uchungu mtupu. Uchungu wao niliuelewa na bado nauheshimu, kwa sababu aliyekuwa akilalamika alikuwa mtu ambaye mtumbwi wake ukikaa mchangani watoto hawali. Uchungu wa mtalii aliyekosa kitoweo alichokiona kwenye picha ni jambo jingine kabisa, na haifai kuupa uzito uleule.

Tukiwa Klamath tulipanda mtumbwi wa Wayurok, ule unaochongwa kutoka gogo moja la mti mwekundu mkubwa wa pwani ile, na hilo ndilo jambo ambalo ningetaka sote turudi tukilisimulia. Ndani ya mtumbwi, sakafuni, mchongaji ameacha kifundo cha mbao kikijitokeza, na hicho ndicho moyo wake. Yapo pia mapafu, zipo figo, na mbele kuna pua. Kijana aliyekuwa akituongoza alimwomba mwenzetu mmoja, kwa adabu kubwa, auondoe mguu wake juu ya moyo, akaeleza kwamba kwao mtumbwi ni kiumbe hai, na kwamba mti hukatwa au kuokotwa kwa makusudi haya baada ya kufikiriwa sana. Nilipoupapasa ukingo kwa kiganja, mbao ilikuwa laini na yenye joto la jua, na alama ndogondogo za tezo zilikuwa bado zinaonekana. Watu wanaouachia mtumbwi moyo hawawezi kumchukulia samaki kuwa bidhaa ya kumfurahisha mpita njia, na aliyekaa ndani ya mtumbwi ule kisha akashuka akiuliza mbona hakuna salmoni, alikaa humo bila kusikiliza.

Haki ya kuvua katika mto huu haikutolewa kama zawadi. Mwaka 1969 mvuvi wa Kiyurok, Raymond Mattz, alinyang'anywa nyavu zake na afisa wa wanyamapori wa jimbo la California, ambalo lilidai kwamba ardhi ile haikuwa tena ya Wahindi Wekundu na kwamba sheria za jimbo ndizo zilizotawala. Mattz alikataa, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1973 mahakama hiyo ikaamua kwamba ardhi ile bado ni ya kabila. Ungedhani mambo yangeishia hapo, lakini mwaka 1978 serikali ya shirikisho ilizuia uvuvi wa Wayurok na kupeleka askari wenye silaha mtoni, wakapambana na familia zilizokuwa zinavua mahali ambapo mababu zao walivua. Wenyeji wenyewe wanaviita Vita vya Salmoni. Wazee walioviona bado wanaishi kandokando ya barabara tuliyopita.

Halafu ikaja Septemba 2002. Ulikuwa mwaka mkavu, na maji mengi yalielekezwa kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bonde la juu, huku mtoni yakiachwa maji machache na ya vuguvugu wakati ambapo salmoni walikuwa wanaingia kutoka baharini. Samaki waliosongamana katika maji hayo wakapatwa na magonjwa ya matamvua, wakafa zaidi ya 30,000 katika kilomita za mwisho za mto, karibu kabisa na mji huu tunaousema. Ni samaki ambao walikuwa wamekwisha kukua baharini kwa miaka kadhaa, wamerudi kutaga mayai mara moja tu maishani mwao, na hawakutaga. Nakiri kwamba wakulima wa juu nao walikuwa wameumia, kwa maana mwaka uliotangulia walikatiwa maji mwanzoni mwa msimu na wengine wakapoteza karibu kila kitu. Lakini mizani haikuwa sawa, kwa sababu mkulima alipopoteza msimu, mto ulipoteza kizazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndugu yetu wa ujumbe wa sauti hakuligusa kabisa, yaani mabwawa. Kuanzia miaka ya 1910 hadi 1962 yalijengwa mabwawa manne ya umeme katika sehemu ya kati ya mto: Copco 1, Copco 2, J.C. Boyle na Iron Gate. Iron Gate, lililo la chini kuliko yote, halikuwa na ngazi ya samaki, yaani njia ya maji ya kuwapandisha juu ya ukuta, na Copco kadhalika, kwa hiyo mamia ya kilomita za mto na vijito vya juu yalifungwa kwa salmoni kama mlango uliopigwa misumari. Koo za watu walioishi juu, wale wanaojulikana leo kama Klamath Tribes wa Oregon, walikaa zaidi ya miaka mia moja bila kumwona salmoni katika maji yao. Nyuma ya kuta, maji yalisimama, yakapata joto kila kiangazi, yakaota mwani wenye sumu, kisha yakaachiwa kushuka kwa samaki waliobaki chini. Umeme wote wa mabwawa manne haukufika hata megawati 200, na wakati huohuo nyumba nyingi za Wayurok katika sehemu ya juu ya ardhi yao zilikaa miongo na miongo bila nguzo ya umeme. Walichukuliwa samaki, taa hawakupewa.

Najua msomaji wa nyumbani ataniuliza kama basi nayapinga mabwawa yote. Siyapingi. Nchi inayohitaji umeme na yenye bwawa la megawati 2,115 pale Rufiji ina hesabu yake, na hesabu hiyo ifanywe kwa uaminifu, wavuvi na wakulima wa chini ya bwawa wakiwemo. Ninachosema ni kwamba pale Klamath hesabu ilifanywa, tena kwa miaka mingi na mbele ya watu wote, na jibu lilikuwa wazi: kuyakarabati mabwawa ili yatimize sheria za kulinda samaki kungegharimu zaidi ya faida yake. Wayurok, majirani zao Wakaruk na makabila mengine ya mto hawakusubiri waamuliwe. Walikwenda kwenye mikutano ya wenye hisa hadi Scotland, kwa kuwa kampuni ya Uskoti ndiyo iliyokuwa ikiimiliki kampuni ya umeme wakati ule, wakasimama mlangoni wakadai mto wao. Idhini ya mwisho ya kuyabomoa mabwawa ilitoka Novemba 2022. Copco 2 liliondolewa mwaka 2023, na yale matatu mwaka 2024, ikawa kazi kubwa kuliko zote za kuondoa mabwawa katika historia ya Marekani. Fedha zake, takriban dola milioni 450, zilitoka kwa wateja wa umeme na kwa hati fungani za jimbo la California, na mabilioni ya mbegu za mimea ya asili yakamwagwa kwenye udongo uliokuwa chini ya maziwa yale.

Katika ujumbe wa sauti kuna sentensi moja iliyoniumiza kuliko nyingine zote: kwamba mabwawa yamebomolewa na samaki bado hakuna, kwa hiyo kazi ilikuwa bure. Ndugu yangu, salmoni aina ya Chinook hukaa miaka mitatu, minne, hata mitano kabla ya kurudi. Watoto wa samaki waliotaga juu ya mabwawa baada ya kubomolewa wengi wao wako baharini sasa hivi. Hata hivyo, dalili hazikuchelewa. Katikati ya Oktoba 2024, wiki chache tu baada ya kazi kukamilika, wataalamu wa samaki wa Oregon walimkuta Chinook katika kijito cha Spencer, juu ya lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1912. Mwaka uliofuata wakapanda zaidi, wakavuka Ziwa la Upper Klamath na kuingia katika mito inayolilisha. Samaki yule hakuwahi kufika huko, wala mzazi wake, wala babu yake, na hakuna aliyemwonyesha njia. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa na nimeona samaki maisha yangu yote, lakini habari ile niliposoma nilisimama jikoni nikashindwa kuendelea na nilichokuwa nikikifanya.

Ni kweli kwamba kufungwa kwa uvuvi kumewaumiza watu wa mji wenyewe. Wenye vyumba vya wageni, wenye boti, wauza chambo na waongozaji wa wavuvi wamepungukiwa, na wengi wao si matajiri. Hilo ndilo hasa linalonifanya niseme twende, tena kwa wingi, tukijua tunakokwenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe letu Klamath ni kulipia mtumbwi, kulala katika vyumba vyao, kununua kutoka kwa mikono ya wenyeji, na kupanda hadi kwenye mwinuko wa Requa kuutazama mdomo wa mto, ambapo simba wa bahari huelea wakiwavizia samaki na ulimi wa mchanga hubadilika sura kila msimu. Pale chini upo pia mji wa zamani, ama tuseme ulipokuwa, kwa sababu mafuriko ya Desemba 1964 yaliusomba pamoja na daraja, na watu wakajenga upya mahali pa juu. Hayo yote tuliyapita mbio tukitafuta mgahawa.

Samaki wakiongezeka, na naamini wataongezeka, iko foleni ya kufuatwa. Watangulie wazee wa Kiyurok, ambao wengine waliwekewa mtutu wa bunduki kwa ajili ya samaki huyuhuyu. Wafuate watoto wao, ambao baadhi yao wamekulia kando ya mto wa salmoni bila kujifunza kumpasua salmoni na kumsimamisha kwenye vijiti vya mti mwekundu kuzunguka moto, kama mababu zao walivyomchoma. Wafuate watu wa juu, waliosubiri zaidi ya karne nzima. Sisi wa Portland tunao samaki wa kutosha sokoni, na zamu yetu inaweza kusubiri miaka ishirini bila mtu yeyote kulala njaa.

Kundi linapanga safari nyingine, na naomba twende Klamath tena, safari hii mwezi wa Agosti wakati wa tamasha lao. Atakayekusanya michango asiahidi mtu salmoni, na anayekwenda kwa ajili ya salmoni peke yake aachie nafasi yake mwingine.